Teresia Wakesho na Mbinu Zake Tisa

Mwaka umetimia, Mama Tatiana, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotuacha, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa binti yetu. Kalamu nimeishika mimi mumeo, lakini maneno ni yetu sote.

Siku ya kukuzika, nusu ya waliojaa kanisani Barking, hapa Uingereza, walikuwa wauguzi wenzako. Nusu nyingine walikuwa vijana wenye mabega mapana, waliovaa jaketi za bluu na kulia bila kujificha. Ndugu zetu waliosafiri kutoka Kenya wakawa wananiuliza kwa sauti ya chini, "Hawa ni akina nani?" Siku ile sikuweza kuwajibu. Leo najibu.

Ulikuwa muuguzi kwa miaka ishirini na sita. Wagonjwa wako uliwajua kwa majina, na paka wao pia. Vyakula vyetu kwenye friji ulivibandika karatasi, "Cha Baba", "Cha Jumatano", na kimoja cha kumwonya mwanetu, "Bonface, nakuona". Kila Jumamosi ulimpigia mama yako kule Wundanyi, simu ukaisimamisha kwenye kopo la sukari huku mikono yako ikikanda unga wa chapati, naye akakuuliza kila mara kwa nini unapiga kelele hivyo.

Mpira wa Kimarekani uliutoa Dallas, ulikofanya kazi miaka sita kabla hatujaoana. Muuguzi mwenzako, Lorraine, alikuwa na wana watatu wachezaji, na kila Ijumaa jioni alikukokota uwanjani. Ulikwenda kwa ajili ya soseji za bure, ukarudi umetekwa na mchezo. Ulinieleza mara mia kwamba timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na kwamba anayepokea mpira kwanza na kuamua aupeleke wapi anaitwa kwotabeki. Nami mara mia nikasahau.

Ulipogundua kuna klabu ya mpira huo karibu na nyumbani, Roding Herons, ulijitolea kuwa mtu wa huduma ya kwanza. Jumapili ulisali misa ya saa mbili asubuhi, saa tano uko pembeni mwa uwanja na barafu na bandeji. Nakiri nilinung'unika. Nilisema mama wa miaka hamsini na mbili atapata wapi nguvu za kukimbizana na vijana. Ulinitazama tu, ukachukua chupa yako ya chai.

Msimu ule ndipo alipokuja Hussam. Alikuwa na miaka ishirini, mzaliwa wa Harrow, upande wa pili wa jiji, wazazi wake watu wa Pemba. Kila mazoezi alipanda treni mbili kuja kwetu. Mkono wake ulikuwa unarusha mpira kama jiwe la teo, lakini alikuwa hajawahi hata siku moja kucheza ukwotabeki katika mechi. Kocha mkuu, Tony, alimkabidhi kitabu cha mbinu chenye kurasa mia na kumi, akamwambia akikariri chote.

Mechi ya kwanza walifungwa arobaini na moja kwa sifuri. Kila mbinu ilikuwa na jina la maneno saba au manane, na Hussam alitakiwa kuyapokea kutoka kwa Tony, awaambie wenzake kumi, kisha acheze, yote ndani ya nusu dakika. Mara nne alipokonywa mpira. Kila alipokosea, Tony alimtoa, akamfokea mbele ya watu, akamrudisha. Mwishoni akamtoa moja kwa moja. Kijana akakaa kwenye benchi na kofia yake ngumu kichwani, asitake mtu aone uso wake.

Ulimfuata na mfuko wako wa barafu. Wengine walidhani unakwenda kumuuliza ameumia wapi. Ulimuuliza, "Uliona nini pale uwanjani?"

Akakujibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea, kwamba hakuona chochote. Alikuwa anajaribu kukumbuka maneno.

Jibu hilo lilikukaa rohoni. Ulimwalika Tony kwetu chakula cha mchana Jumapili iliyofuata, siku ambayo hakukuwa na mechi. Ulimwacha ale ashibe kwanza. Kisha ukamwambia, "Unamharibu yule kijana."

"Lazima azoee," Tony akasema. "Mimi pia nilifundishwa hivyo."

"Na uliacha kucheza ukiwa na miaka mingapi?"

Tony akazungusha kijiko ndani ya kikombe. "Ishirini na mbili."

Ulimwongezea chai. Mimi nilikuwa natafuta sababu ya kwenda jikoni.

"Wewe ungefanyaje?" akakuuliza hatimaye.

"Nipe mechi nne nipange mashambulizi mimi. Nikishindwa, nitarudi kwenye bandeji zangu."

Alikupa. Mpaka leo anasema hajui alikubali kwa sababu ya hoja yako au ya kuku wako wa nazi.

Wiki ile mezani petu hapakuliwa chakula. Ulipanga maharagwe kumi na moja, ukanipa mimi njugu kumi na moja niwe wapinzani. Ukasogeza, nikazuia, ukakuna kichwa, ukapangua. Kutoka kurasa mia na kumi ulibakiza mbinu tisa. Kila moja ukaipa jina la neno moja la Kiswahili, kitu cha nyumbani. Mlango ilikuwa kukimbia na mpira katikati. Dirisha ilikuwa kurusha karibu, haraka. Paa ilikuwa kurusha mbali na juu. Ulijua kwamba kwa Hussam maneno hayo yalikuwa ya mama yake, aliyasikia tangu utotoni hata kama hakuyatamka. Hakuhitaji kuyakariri. Harish, mdakaji wetu wa mirusho ya Hussam, ambaye bibi yake alikulia Kisumu, alicheka mpaka akakaa chini, lakini ndani ya wiki mbili timu nzima, Waingereza kwa Wanigeria, walikuwa wanapiga kelele "Dirisha!" na wapinzani wakitazamana.

Ulikuwa na desturi zako. Mechi uliifungua kwa mrusho mwepesi, wa hatua chache, ili Hussam apate utulivu. Akipoteza mpira hukumtoa. Ulimpa mbinu ileile tena, au nyepesi zaidi. Akirudi pembeni ulimuuliza swali lako lilelile, aliona nini, ukasubiri mpaka ajibu. Siku moja ulimpangia jambo gumu kuliko uwezo wake, likaharibika vibaya. Mbele ya timu yote ulisema, "Hilo kosa ni langu. Nilimwomba kitu ambacho sijamfundisha." Tony aliniambia hajawahi kusikia kocha akisema hivyo, na usiku mzima maneno hayo yalimzunguka kichwani.

Mechi nne zikaisha, Tony hakukudai uyarudishe mashambulizi. Mlishinda tatu.

Sasa niseme ile mechi ya mwisho wa msimu, maana ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuja kutazama, safari yangu ya tatu tu, nimesimama kwenye mvua na mwavuli wa kazini. Mkishinda mnaingia mtoano, mkishindwa mnakwenda nyumbani. Zilibaki dakika mbili, mko nyuma kwa alama nne. Jaribio la nne na la mwisho, zimebaki yadi sita. Ukamwonyesha Hussam ishara ya Mlango.

Akawapanga wenzake. Akainua kichwa, akatazama kushoto, kulia. Nilimwona akisita. Kisha akainua mkono na kupaza sauti, "Paa! Paa!"

Tony akaruka. "Amebadilisha! Amekukaidi!"

"Mwache," ukasema.

Mpira ulipaa kwenye mvua ile, na mimi nisiyejua mpira nilijua kwamba umerushwa vizuri. Harish alikuwa peke yake. Mpira ukamgonga viganja vyote viwili, ukateleza, ukaanguka.

Tony alikugeukia, maji yanamtiririka puani. "Ungemwambia afuate ulichompangia."

"Katikati walijazana watu wanane," ukamjibu. "Mimi sikuwaona. Yeye amewaona. Mpira umelowa tu, Tony."

Harish alikuwa amepiga magoti akilia. Hussam alikwenda kumwinua kwanza, ndipo akaja kwako, na wewe ukamuuliza aliona nini. Msimu ulipoanza, kijana yule alikujibu kwa sentensi moja. Siku ile alizungumza kwa dakika tano, akachora hewani kwa vidole, mlinzi huyu alikuwa hapa, yule alivuta mguu, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili, na wewe unaitikia kwa kichwa na kusema, "Ehe. Ehe."

Njiani kurudi nyumbani nilitafuta maneno ya kukufariji. Ukafungua mlango, ukavua viatu vya matope, ukaanza kuimba wimbo wa kwaya. Nikakuuliza kama umesahau kwamba mmefungwa.

"Baba Tatiana," ukaniambia, "leo nimepata kwotabeki."

Oktoba ugonjwa ukaonekana. Saratani ya kongosho, na wewe uliyewauguza wengi hukuhitaji daktari akufafanulie. Ulipanga mambo yako kwa utulivu uliotutisha. Hussam alikuja hospitalini kila wiki na mechi za zamani kwenye simu yake. Mwanzoni ulimweleza kila kitu. Desemba ulipunguza. Februari alipokuuliza, "Hapa ungepanga nini?" ulimjibu, "Sijui. Wewe je?" na ukafumba macho.

Alinifuata kwenye korido, macho mekundu. "Amenikasirikia?"

Nilikuuliza. Ulicheka, ingawa kucheka kulikuuma. "Mwezi wa nne mechi zinaanza, na mimi sitakuwepo. Namwachisha ziwa."

Nilitoka nikamwambia vivyo hivyo. Alilia, kisha akacheka, kisha akarudi ndani na kukueleza mbinu yake mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hukumrekebisha hata mahali pamoja.

Nawe ungependa kujua yaliyotokea baadaye. Tony ameyarudisha mashambulizi mikononi mwake, na majina yako ya nyumbani ameyaacha yalivyo. Mwezi wa sita alileta mbinu mpya siku tatu kabla ya mechi. Hussam alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbele ya wote, "Kocha, hii sijaielewa. Tuiweke wiki ijayo." Tony mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alisema zamani angempeleka benchi kwa neno kama hilo. Safari hii alichukua kalamu, akaikata mbinu ile, na Jumapili wakashinda kwa alama kumi na nne. Walimaliza msimu wakiwa wa pili. Mimi sikukosa mechi hata moja ya nyumbani, Mama Tatiana, na sasa najua majaribio manne ni nini.

Kuna jambo moja hukuliona, na ndilo ninalojivunia kuliko yote. Mama yake Hussam, Bi Ummukulthum, alitualika Harrow chakula cha mchana. Zamani alikuwa akimwomba mwanawe auache mpira huo kabla haujamvunja shingo. Tulikuwa tunakula pilau tuliposikia Hussam kwenye chumba cha pili akizungumza na simu. Bi Ummukulthum aliweka kijiko chini.

"Msikilize," akatuambia. "Anazungumza na bibi yake, kwetu Wete. Miaka ishirini mie namsemesha Kiswahili, ananijibu Kizungu. Bibi yake alikuwa akisikia salamu tu, kisha simu narejeshewa mie. Sasa wanakaa saa nzima."

Tukasikiliza. Alikuwa anamsimulia bibi mechi, mlinzi huyu alikuwa hapa, yule pale. Kiswahili chake kinakwaruza, lakini kinakwenda. Akaweka simu kwenye spika ili bibi atusalimie.

"Na huyo kocha wako aliyekupa Kiswahili, ni mtu wa wapi?" bibi akauliza.

"Ni Mtaita, bibi. Alikuwa muuguzi."

"Basi mfikishie shukurani zangu. Mwambie kwamba mjukuu wangu nimempata."

Hussam alinitazama, nami nikasema kwenye simu, "Nitamfikishia, mama."

Nakufikishia.

Tunakukumbuka mimi mumeo Fanuel Mwadime, wanao Tatiana na Bonface, mama yako Mghoi na ndugu zako wote wa Wundanyi, wauguzi wenzako, Lorraine wa Dallas, Bi Ummukulthum na jamaa zake, Harrow na Pemba, Tony, Harish na Herons wote, na Hussam, kwotabeki wako. Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, saa mbili asubuhi, Barking.

Pumzika, Mama Tatiana. Siku zote za maisha yetu hutatutoka.