Walikukatalia Kwenda Kutazama Majani

Baba,

Nimekaa kwenye meza yako kukuandikia, na nina hasira. Najua ungetaka nianze na salamu, nikupe habari za kila mmoja kwa utaratibu. Leo siwezi. Arobaini yako tuliisoma Ijumaa. Wageni wamerudi kwao, sufuria za majirani tumezirudisha, nyumba imebaki na mimi na Mama. Mvua imeanza. Baba mdogo Sumaili ameshachukua redio yako, hakuomba, amesema tu kwamba maiti hasikilizi habari. Nilimwacha aichukue, kwa sababu hasira yangu haikuwa ya redio.

Ni ya majani, Baba.

Nilikuwa darasani mwako kule Wamaza siku ile ulipotufundisha majira ya Ulaya. Ulituambia kuna miezi miti ya kule inageuka rangi, msitu mzima unakuwa mwekundu na wa manjano, halafu majani yanaanguka yote na mti haufi. Otoni, ulituandikia ubaoni. Msichana mmoja akakuuliza, "Mwalimu, weye ulishaona?" Ukamjibu, "Hapana. Sijaona." Ukaendelea na somo. Lakini jioni, tukila, ulimwambia Mama kwamba haifai mutu afundishe maisha yake yote kitu ambacho macho yake hayajakifikia. Mama alicheka, akakuongezea mboga ya sombe. Hakujua kwamba ulikuwa umeshaamua.

Ulingoja hadi ulipostaafu kazi. Kaka Amisi alikuwa ameshapata kazi ya uuguzi kule Ulaya na nyumba yake mwenyewe, akakwambia, "Njoo mwezi wa kumi, Baba, nitakupeleka." Sijapata kukuona vile. Kila jioni ulikuwa unatafuta mahali simu inaposhika réseau, karibu na duka la simu, umpigie Amisi maswali. Majani yanaanza kugeuka juu ya mlima au bondeni? Mvua ikinyesha sana, je, yanaanguka kabla ya wakati? Amisi alitaka kukuonyesha miji, makanisa, magari-moshi ya chini ya ardhi. Ulikataa. Ulitaka msitu wenye mto, na mahali pa kukaa. Ulitaka kutembea juu ya majani yaliyoanguka usikie yanavyolia. Ulinunua koti zito la mtumba kwa yule mama anayeleta nguo kutoka Salamabila, ukalivaa uani saa sita ya mchana ili ulizoee, jasho linakutoka, watoto wa jirani wanakufa kwa kicheko. Na weye ulikuwa unacheka nao.

Baba mdogo hakucheka. Alikuja kukusema mbele yetu: "Mutu anaenda Ulaya kutafuta maisha. Weye, mutu muzima, unaenda kuangalia majani? Na haya iko hapa, ng'ambo ya njia, si majani?" Ukamwambia, "Hayo nimeyaona, Sumaili."

Mimi ndiye niliyekusindikiza. Pikipiki kutoka Kasongo hadi Kindu, matope hadi magotini, halafu ndege hadi Kinshasa, kwa shangazi. Ulivaa suti yako ya kijivu. Kijana aliyekuwa nyuma ya kioo pale wanapotoa viza angeweza kuwa mjukuu wako. Akakuuliza sababu ya safari. Ukasema, kwa Kifaransa chako kile cha darasani, kilichonyooka, kwamba unaenda kuona majani yanavyobadilika rangi, na kwamba ukishayaona utarudi kwa mke wako.

Alitabasamu. Akamwita mwenzake aje asikie. Wakakufanya urudie.

Nilikuwa nimesimama nyuma yako, Baba. Niliona mabega yako. "Kwenu hakuna miti, mzee?" alikuuliza. Ukaanza kumweleza, akakukata: "Sema ukweli tu. Ni kazi unatafuta? Ni matibabu?" Ungesema ugonjwa, labda wangekuamini. Ungesema harusi, mazishi, lolote. Ulisema tena: majani. Tuliporudi kuchukua jibu, walikuwa wamekataa. Walisema sababu yako haiaminiki.

Haiaminiki! Na wao wanapokuja kwetu? Wanafika Kasongo na kamera, wanataka kuona makaburi ya wazungu wa zamani, wanataka kuona mto, wanapiga picha ukuta uliobomoka. Nani amewahi kuwauliza kama kwao hakuna kuta? Tunawapa kiti, tunawapa maji. Mzungu akisema amevuka bahari kumwangalia nyani, ni mtalii. Mutu wa Kasongo akisema anataka kuona kitu kizuri, ni mwongo, ameficha jambo.

Na weye ukamshukuru. Ukainamisha kichwa kidogo ukasema asante, mwanangu. Nilitaka kupiga ngumi kile kioo. Kule barabarani nilikwambia, "Baba, unamshukuru kwa nini?" Ukasema nipunguze sauti, watu wanatuangalia.

Hilo bado ningelimeza. Lakini tulipofika nyumbani uliwaambia watu kwamba umebadili mawazo. Kwamba umri umeenda, baridi ya kule ingekusumbua. Ulimwambia hata Mama. Uliwafunika wale watu kwa heshima yako, ukaniangalia nikunyamazie, nami nikanyamaza. Koti ukampa mlinzi wa soko. Hukutaja majani tena. Ukawa unalala mchana, weye uliyekuwa hulali mchana. Asubuhi ile ulipoanguka mlangoni, lopitali walisema ni moyo. Mimi sibishani na daktari. Lakini nilikuwa nakuona kila siku.

Sasa nikwambie nilichofanya, maana huenda hutakipenda.

Siku ya arobaini, baada ya dua, baba mdogo alisimama kuzungumza. Akakusifu vizuri, hapo sina neno. Halafu akasema Mungu alikupa akili mwishoni, ukaacha mambo ya kitoto ya kukimbilia majani ya Ulaya. Wanaume wakatikisa vichwa, wengine wakacheka kwa upole. Nikasimama katikati ya wanawake. Shangazi mmoja akanivuta nguo: "Kaa, Feza." Mama akamwambia, "Mwache aseme."

Nikasema. Kwamba hukuacha. Kwamba ulikataliwa. Kwamba walikufanya urudie maneno yako ili wacheke, na kwamba walikurudisha kwa sababu hawakuweza kuamini kuwa mwalimu mweusi kutoka Maniema anaweza kutaka kitu kwa uzuri wake tu, kisha arudi kwake. Nikakaa. Baba mdogo alitazama viatu vyake. Baadaye, watu walipokuwa wanaaga, alinikuta jikoni akasema, "Hakuniambia. Mimi ndugu yake, hakuniambia." Akalia, Baba. Kwa hiyo yeye pia umemkosea.

Mama hakulia. Kesho yake alikuwa anapembua mchele, akaniuliza bila kuinua macho, "Hayo majani, mutu anakaa chini kuyaangalia, ama anatembea?" Nikamwambia yote mawili. Akasema basi ataweza.

Nimeshazungumza na Amisi. Tutaomba viza kwa mwaka ujao, Mama na mimi. Shangazi wa Kinshasa anatushauri tuseme Mama anaenda kutibiwa macho, ndiyo njia wanayoielewa. Nimekataa. Nakuahidi, Baba: tutasema kile kile ulichosema weye, na wakitaka turudie tutarudia, na wakitukatalia tutaondoka bila kuinamisha kichwa, na mwaka mwingine tutarudi hapo hapo.

Lala salama, mwalimu wangu. Nakupenda, na sijakusamehe ukimya wako. Mama ananiita nimsaidie kufunga madirisha, upepo umezidi. Hasira hii sitaiacha hapa mezani. Nitasafiri nayo.

Binti yako,
Feza