Msimu wa Selo ya Kuazima

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi tena. Vumbi la mtaa wetu wa Gungu limeingia mpaka kwenye matundu ya selo. Nimeifuta kwa kanga ya Shangazi, akanuna. Kwake hii ni fidla iliyovimba, inayokaa mapajani mwa mwanamke mtu mzima bila haya. Sibishani naye. Ananilisha.

Bwana Anselm kachelewa na gari la shirika, kisha kailaumu saa ya Mwalimu Hamisi. Yeye ndiye fidla ya kwanza, ndiye bosi, ndiye mwenye funguo za ukumbi wa parokia. Mkewe anapiga viola, ile fidla nene kidogo, vizuri kuliko yeye, na wote wawili wanalijua hilo. Fidla ya pili ni Mwalimu Hamisi wa Ujiji. Alijifunzia kwenye taarab, ndiyo maana kila kipande cha Kijerumani anakitia pilipili kidogo. Mimi selo. Watu wanne, matamasha manne, kiangazi kizima. Bwana Anselm anauita Msimu wa Muziki. Kigoma ina msimu wa dagaa, msimu wa mvua, na sisi wakimbizi ambao hatuna msimu. Sasa na huu.

Navumilia kwa sababu moja. Aliniahidi mbele ya mkewe na Hamisi: nikipiga matamasha yote manne, selo hii aliyoniazima inabaki kwangu. Nitafundisha watoto. Yangu niliiacha Bujumbura, imeegemea ukuta, upinde juu ya kabati. Tangu nivuke ziwa mpaka nilipopewa hii, sikuwa nimeshika chombo ila jembe la Shangazi.

Jumamosi, 8 Juni

Tamasha la kwanza. Wakubwa wa mkoa mstari wa mbele, wazungu wa mashirika nyuma yao, kisha wenye maduka wa Ujiji waliotoa viti. Wakimbizi wenzangu dirishani, nje. Hakuna aliyewakataza kuingia. Wala hakuna aliyewaambia waingie.

Katikati ya kipande cha polepole mama mmoja wa Ujiji kainuka, kaja anayumba kwa madaha, kampachika Hamisi noti kifuani. Kumtunza, kama wafanyavyo kwenye taarab. Hamisi kainamisha kichwa kwa adabu bila kukosea hata noti moja ya muziki. Bwana Anselm kasimamisha kila kitu. Kamwambia mama yule arudi akae. Mama karudi, hakukaa. Katoka moja kwa moja.

Nilimchukia Bwana Anselm. Halafu tukaanza upya, na mkono wangu ukakumbuka, na nikasahau kumchukia.

Jumatatu, 24 Juni

La pili limepita juzi. Ofisa mmoja alikoroma. Sugu za vidole vya kushoto zimerudi. Nazigusa nikiwa nachambua mchele. Nina furaha. Naiandika hapa maana nikiisema Shangazi atauliza mkimbizi anafurahia nini.

Kwa nini naandika kwa Kiswahili? Kifaransa ni cha masista walionifundisha selo, Kirundi ni cha Shangazi. Kiswahili ni cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura tuliokulia. Ndicho cha kugombana na kusema ukweli.

Jumapili, 7 Julai

La tatu jana. Zuri. Bado moja.

Alhamisi, 11 Julai

Baba amekufa.

Mtu aliyevuka na boti ya mizigo kaja mpaka Gungu akiulizia nyumba ya Shangazi. Alikunywa maji kwanza, ndipo akasema. Baba alifariki tangu Mei. Mei! Nilipokuwa nafuta vumbi la selo kwa kanga ya Shangazi, Baba alikuwa chini tayari. Ugonjwa, anasema. Sijui. Siku hizi kule hata ugonjwa una watu waliouleta.

Shangazi ni dada yake mkubwa. Alimbeba mgongoni utotoni. Hakulia mbele ya mgeni. Alikunja mkeka wake wa kulalia, akauhamishia sebuleni, akakaa chini. Nikakaa karibu naye. Hatukupika.

Ijumaa, 12 Julai

Shangazi kaishi Kigoma tangu mimi ni binti mdogo, lakini matanga yake ni ya kwetu kabisa. Hakuna kushika jembe, hakuna kuimba, hakuna kusuka nywele. Kazi ya mtu inalala pamoja na marehemu. Mpaka siku ya kuganduka. Siku hiyo inapikwa pombe, watu wanakusanyika, jembe linapita mkono kwa mkono. Kila mfiwa analigusa. Ukishaligusa umeruhusiwa kurudi kazini, umeruhusiwa kuishi.

Kapanga Septemba, kabla ya mvua. Kiangazi hiki hakuna cha kulima, kwa hiyo jembe lake halipotezi kitu. Tamasha la nne ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Hakunitazama aliposema. "Na hilo lidude lako, lilaze."

Jumapili, 14 Julai

Nimekwenda kwa Bwana Anselm. Nimemwomba asogeze tamasha mpaka Septemba. Kaniwekea mkono begani, kasema pole mara tatu. Kisha kasema wageni wanatoka Dar, kadi zimeshagawiwa, na Septemba hajui atakuwa wapi. "Tulikubaliana manne," kasema. Kwa upole kabisa. Heri angenifokea.

Mwalimu Hamisi kanisindikiza mpaka njia ya Ujiji, anasukuma baiskeli. Kanipa mkono wa pole vizuri, kamwombea Baba ingawa Baba hakuwa wa dini yake. Kisha kasema, "Kwetu matanga siku tatu, dada. Khitma ikishasomwa, mtu anarudi kwenye riziki yake. Baba yako hakukusomesha chombo hicho ukilaze."

Nilitaka kusikia hayo hayo. Nimeyachukua kama kwamba ni ya kwetu. Nimejihesabia matanga yangu kwa kalenda ya Ujiji: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Basi, yamekwisha.

Jumamosi, 20 Julai

Asubuhi Shangazi alikaa mlangoni na mkeka wake. Nilisimama na selo mgongoni.

"Ndugu yangu sijaliona hata kaburi lake," kasema, "na wewe unakwenda kuwapigia watu."

Nikamwambia, "Shangazi, nikipiga leo, ni yangu. Nitafundisha, nitakusaidia." Kasogeza miguu nipite. Afadhali angenishika sketi.

Nilipiga. Lazima niandike, hakuna mwingine atakayeandika: sijawahi kupiga vile. Kile kipande cha polepole nilimpigia Baba peke yake, aliyeuza ng'ombe ili masista wanipokee shuleni. Mke wa Bwana Anselm alinitazama tulipomaliza, macho mekundu. Wageni wa Dar wamesimama kupiga makofi. Dirishani hawakupiga. Kule nje wote wanajua nina msiba.

Nimekuta nyumba wazi, chungu kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi. Shangazi hakuniachia chakula.

Jumatano, 31 Julai

Ng'ambo kumechafuka zaidi. Bandarini watu wanashuka na magodoro kichwani. Shirika la Bwana Anselm linawahamisha watu wake. Kaja mwenyewe Gungu, kasimama uani. Kasema selo ni ya familia ya mkewe, joto na vumbi vya hapa vitaipasua mbao, na yeye aliahidi kwa nia njema lakini hali imebadilika. Imebadilika kwa nani? Mimi niko palepale.

Kisha kaniomba nimbebee mpaka uwanja wa ndege. Kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kuishika.

Nilimbebea. Sijui kwa nini. Ujinga, au nilitaka kuwa nayo njia nzima. Barabarani kote watu walikuwa wanalipisha gari letu, wakidhani ni mgonjwa yule niliyemkumbatia. Ndege ni ndogo. Rubani alisema haiwezi kuwekwa na mizigo, itavunjika. Wameikatia tiketi ya kiti chake. Nimeiona kwa macho yangu kupitia mlangoni, imekaa dirishani, imefungwa mkanda.

Mke wa Bwana Anselm kanipa kipande cha ulimbo wa kupakia upinde. Nitaupakia wapi, mama?

Alhamisi, 15 Agosti

Hamisi kaja kuomba radhi. Kasema hakujua matanga yetu ni marefu vile. Nimemwambia hakukosea yeye, alisema ya kwao. Mimi ndiye niliyekuwa najua ya kwetu. Kaacha mhogo na samaki. Shangazi kapokea, kashukuru, kapika. Tumekula chungu kimoja, sahani mbalimbali.

Jumapili, 8 Septemba

Kuganduka. Majirani walikuja, na jamaa wawili kutoka kambini, binamu yangu na mdogo wake. Pombe ya ndizi ilikuwa nzuri. Walimtaja Baba kwa majina yake yote, hata lile la utotoni ambalo sikulijua. Hapo nililia.

Kisha jembe. Shangazi kaligusa wa kwanza, kampa binamu, binamu kampa mdogo wake. Kutoka kwa mdogo wake lilikuwa lije kwangu. Nilikwisha kunyoosha mkono. Shangazi kalichukua, kalipitisha mbele yangu, kampa jirani.

"Huyu alisharudi kazini," kasema. Bila hasira. Kama mtu anayesema huyu ameshakula.

Kweli nilisharudi. Na kazi yenyewe ilipanda ndege. Watu waliendelea kunywa. Mimi nilikusanya vikombe, maana hakuna aliyenikataza kuosha.

Jumatatu, 9 Septemba

Mawingu upande wa Simbo. Shangazi ametoka mapema kwenda shamba lake huko, hakuniamsha.

Nimefungua mlango. Jembe limeegemezwa ukutani ndani, upande ninaolala. Si lake, lake kaenda nalo. Ni lile dogo, la mpini mfupi, alilonipa siku ya kwanza nilipovuka. Kalipiga msasa mpini.

Nimekaa nalo mapajani muda. Vidole vya kushoto vina sugu, vya kulia laini. Hapo ukutani lilipoegemea ndipo selo ilikuwa inakaa. Ulimbo nimeuweka juu ya dirisha.

Kabla ya kuondoka nimeligusa kwa mikono miwili, kama ilivyotakiwa jana. Sasa naenda Simbo. Mistari ya shamba la Shangazi ni mirefu, na yeye si kijana.