Picha Namba Nne

3 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mama mdogo ameniambia umeanza kulifunga kitambaa na hutaki kusikia habari ya hospitali. Mimi sijambo, ila kazi ya maabara imenichosha macho. Siku nzima natazama damu za watu kwenye darubini, nikitoka jioni kila kitu naona kina viduara.

Nina shida, na yenyewe itakuchekesha. Unajua nimejiunga na wapenda picha wenzangu. Tupo tisa, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Anayetaka analeta picha moja, haina jina, namba tu. Tunazitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na mmoja wetu, kwa zamu, anazizungumzia zote. Nia ni kusaidiana. Januari zamu ilikuwa ya mwalimu wa hesabu. Alipofika kwenye picha ya ukuta, akasema, "Huu ukuta umekosea nini hata ukaadhibiwa hivi?" Watu wakacheka. Mwenye picha, ambaye ni mwoka mikate, naye akacheka. Februari hakuja. Nilimfuata kazini kwake, akaniambia ataleta picha moja tu ya mwisho, Aprili. Nayo ikichekwa, atampa mpwa wake kamera aichezee.

Zamu ya Aprili ni yangu. Picha sita zimeshafika kwangu nijiandae, na nimekuwekea nakala humu. Majina hayapo, lakini namba nne imejaa mikate, kwa hiyo hakuna siri.

Naogopa, Baba. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilichukua kamera yako nikampiga picha marehemu Mama. Ulipoisafisha filamu uliniambia, "Umemaliza filamu bure." Hukunionyesha hata picha yenyewe. Sikushika kamera tena kwa miaka kumi na minane. Sifungui kesi, nakueleza tu ujue kwa nini sitaki kumfanyia mtu mwingine hivyo. Wewe umetazama nyuso za watu miaka thelathini pale studio. Nifundishe namna ya kusema.

Bintiyo

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanitangazia mvua kabla ya redio. Mama yako mdogo asikutie hofu, yeye hata mafua anayaandalia mazishi. Punguza kuinamia hiyo darubini.

Nimezipanga picha zako mezani. Namba moja, mzee ameinamisha kichwa na sikio la kushoto halionekani. Apigwe tena. Namba mbili ni kiti kitupu. Mwenye kiti kaenda wapi? Namba tatu, mtoto anacheka meno nje. Hakuna ofisi itakayoipokea. Namba tano ni paka, na amekaa vizuri kuliko wateja wangu wengi. Namba sita ni maji na mawingu. Nimeigeuza juu chini, sikuona tofauti.

Namba nne, taa iko nyuma, mkono umekatwa kwenye kifundo, na mikate yenyewe bado mibichi. Ningekuwa mimi ningeichana. Lakini nimeitazama mara tatu na chai yangu imepoa.

Huyo mwalimu wa hesabu simlaumu sana. Ulimi hauna mfupa.

Kuhusu hiyo filamu, sikumbuki.

Baba yako

25 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea maabara wakati wa chai. Mwenzangu akaniuliza kama nimeletewa habari za harusi au za msiba, maana nilikuwa nacheka na kununa kwa zamu.

Baba, hawa watu hawaombi vitambulisho. Mwenye kiti kitupu ametaka kiwe kitupu. Na mtoto acheke, kwani ana kosa gani? Ila nisijifanye malaika. Mtoto wa nyoka ni nyoka: niliposoma hukumu zako kichwa kilikuwa kinakubali chenyewe, hasa ile ya mawingu. Ndiyo maana naogopa kusimama mbele ya mwoka mikate na ulimi niliourithi kwako.

Katika barua nzima sentensi moja ndiyo imenisaidia. Umesema uliitazama namba nne mara tatu. Ni nini kilikurudisha? Tafadhali itazame tena, kisha usiniandikie hukumu. Niandikie swali moja ambalo ungependa kumuuliza aliyeipiga. Kama jibu hulijui, ndiyo vizuri zaidi.

Filamu huikumbuki, sawa. Mimi naikumbuka kwa niaba yetu wawili.

Bintiyo

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kazi. Hapa kwangu wote ni wazima, isipokuwa jogoo wa jirani ambaye ameanza kuwika saa sita mchana. Na yeye nadhani ni uzee.

Wasemao husema kuuliza si ujinga. Mimi miaka thelathini nilikuwa na swali moja tu, "Uko tayari?" Na sikusubiri jibu. Kwa hiyo kazi uliyonipa ilikuwa ngumu. Nilikaa dirishani na kile kioo cha kukuzia nilichokuwa nikitafutia vumbi kwenye filamu. Mwanangu, kila mkate una kibonyeo, upande wa kulia, vyote ukubwa mmoja. Nilihesabu mikate ishirini na minne. Nikatoka na goti langu hadi dukani, nikakagua mikate ya pale mmoja mmoja, mpaka muuzaji akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Hakuna hata mmoja wenye kibonyeo.

Swali langu ni hili: nani anaibonyeza hiyo mikate, na kwa nini haruki hata mmoja?

Usichelewe kunijibu. Sijawahi kuhangaishwa hivi na picha ya mtu mwingine, na sijui kama nafurahi au naumwa.

Baba yako

28 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Najua unasubiri jibu la swali lako, kwa hiyo goti litanisamehe, nitaliulizia mwisho.

Mwoka mikate alikuja akakaa karibu na mlango, koti hakulivua. Nilianza na namba moja, nikaenda polepole: kwanza nasema ninachokiona, kisha kinachonisumbua, kisha nauliza. Mwenye paka alibishana na mimi robo saa nzima, na nilifurahi, maana anayebisha bado yupo. Nilipofika namba nne nikasema naona taa, naona mikate inayosubiri tanuri, naona mkono ukingoni. Kisha nikauliza swali lako kama ulivyoliandika.

Mwoka mikate akasema ule ni mkono wa kaka yake. Ndiye aliyemfundisha kazi, na sasa macho yake hayaoni. Anapita kwenye kila trei, anagusa kila donge kwa kidole gumba ajue kama limeumuka, ndipo liingie tanuri. Anayeona angejaribu moja au mawili, yeye hugusa yote. Wateja wao huutambua mkate kwa kibonyeo hicho. Uso wake alikataa usipigwe. Alisema, "Piga mkono, ndio unaofanya kazi."

Sikumwambia picha ni nzuri, Baba, kwa sababu bado si nzuri. Nilimwambia mkono upo gizani, mbali na vibonyeo, na asiyeelezwa hawezi kuviunganisha. Asogee hatua moja kushoto, taa iwe ubavuni, na asubiri mpaka kidole kiwe ndani ya unga. Akaomba kalamu aandike. Ili aandike ikabidi avue koti.

Kisha mwalimu wa hesabu akasimama, akauliza, sauti ya chini, ule ukuta wa Januari ulikuwa na nini. Kumbe kuna mstari uliolika kwenye rangi, kimo cha bega, mahali yule kaka asiyeona anapopitisha mkono akienda kazini. Kila mtu alikuwa ameuona ule mstari na kudhani ni uchafu. Mwalimu aliomba radhi mbele yetu sote. Mwezi ujao mwoka mikate analeta picha tena.

Wakaniuliza swali lile nililipata wapi. Nikawaambia, kwa baba yangu.

Goti je?

Bintiyo

30 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Mwezi umepita sijaona barua yako. Mama mdogo anasema hujaumwa, ila umegeuza stoo chini juu na hutaki mtu aingie kukusaidia. Je, nimesema neno baya? Kama nimekukosea niambie, nami nitaomba radhi. Hii ya kukaa kimya naijua kutoka zamani na siipendi.

Bintiyo

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hujanikosea. Goti limepata nafuu, hilo tuliache.

Nilikudanganya. Ile filamu naikumbuka, na niliikumbuka siku ileile niliyokuandikia sikumbuki. Picha yenyewe niliitoa, moja tu, nikaificha nisiione mara kwa mara. Nimeitafuta mwezi mzima. Imo ndani ya bahasha hii. Sasa niache niseme kama mnavyosema huko kwenu ghorofani.

Ninachokiona: mama yako yuko mlangoni, ndoo mkononi, kichwa amekigeuza, anacheka mpaka macho yamefumba. Maji yanamwagikia miguuni mwake naye hana habari.

Kinachonisumbua: ulitikisika, kona ya chini imefifia. Ungeegemea ukuta mikono ingetulia. Mengine sina.

Mimi nilimpiga picha kumi na moja maisha yake yote. Katika zote ananitazama kama mtu anayesubiri nimalize aendelee na shughuli zake. Mteja akitabasamu nilimwambia funga mdomo, na nyumbani nilikuwa hivyohivyo. Siku nilipoisafisha filamu yako nikaona mtoto wa miaka kumi na mitano amepata mara moja kitu nilichokikosa mimi miaka yote. Nilikuonea wivu. Sina neno jingine la kuupamba. Ndipo nikakuambia vile, na uliposhusha kamera nikanyamaza, na miaka ikapita nikiwa nimenyamaza. Nisamehe, mwanangu.

Swali langu ni moja, na jibu silijui. Ulimwambia nini hata akacheka vile?

Baba yako