Mtumbwi wa Plastiki Korongoni

Hamisi,

Salamu baadaye. Wewe baba gani, unamnunulia binti mtumbwi wa plastiki halafu unanipa nije naye likizo huku Iramba kwa dada yako, mlimani penye makorongo?

Mvua imepiga, maji yanaporomoka kwenye miamba kama yamefukuzwa. Asubuhi Mwajuma kaniamkia, mtumbwi begani. Sikuitikia, nikijua mtoto wa kwetu haondoki bila marahaba. Akasubiri. "Bibi, itikia basi, maji yatapungua!" Nikanyamaza. Akaenda.

Mtumbwi ulishuka peke yake. Yeye tulimkuta kakumbatia jiwe, uso umechubuka wote, na anasema kesho anashuka tena. Nimeshindwa, mwanangu. Nalia tu.

Simu huku haishiki, kadi hii nampa kondakta wa basi. Msalimie mkeo. Ukiipata, panda basi hapohapo, uje na shoka uupasue mtumbwi wako.

Mama yako