Kamera Iliganda Mbele ya Mama Mukubwa

Yaya Béa, dada yangu mkubwa, hujambo na watoto?

Leo asubuhi Mama Mukubwa Feli alivaa kitenge kipya, akakaa mlangoni nimpige picha ya kumpelekea mama. Ni dada yake, na hawajaonana tangu magoti ya mama yalipokataa safari ya treni. Kamera ikaganda. Mimi, eti mpiga picha wa familia, nikabonyeza vitufe vyote, nikaipuliza, nikaitukana. Mama Mukubwa akaninyang'anya.

"Utoshe batri, mutoto yangu! Redio yangu inafanyaka vile."

Akaitoa betri, akaifuta, akairudisha. Kamera ikawaka. Picha ya kwanza akanipiga mimi, mdomo wazi. Ya pili nikampiga yeye, anacheka mpaka machozi. Nitaleta zote mbili. Mama akilia, mshike mkono. Akicheka, ananicheka mimi.

Nawakumbatia wote,
Mdogo wako Sela