Ushuhuda Uliomnyima Brenda Kazi

Tunduma, Mei 2012,
mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Mbebe

Mdogo wangu Aliko,

Maharage yamefika, asante. Hapa mvua zimekatika, na foleni ya malori ya mpakani imefika mlangoni kwangu.

Sasa nisikilize. Binti yako Brenda, ninayekaa naye hapa, aliomba ukarani kwa wakala mmoja wa forodha. Bosi akamuuliza mbona miaka miwili hakufanya kazi. Akajibu vizuri: "Niliugua, nikapona, kazi naiweza." Hakuulizwa neno zaidi.

Bosi akakupigia simu wewe, mdhamini wake. Nawe ukamtolea ushuhuda mzima, kama uko mbele ya kanisa: alivyochanganyikiwa baada ya kujifungua, mlivyomfunga kamba, Mungu alivyomponya. Jioni ile ile Brenda akaambiwa nafasi imejaa.

"Baba mkubwa, usimgombeze," aliniambia. "Baba alidhani ananisifia."

Najua ulidhani hivyo, na ndiyo maana nachoka. Ugonjwa ule ni wa Brenda, kuutaja au kuunyamazia ni juu yake. Marehemu mke wangu naye mlimshukuria Mungu hadharani kanisani kwa kupata nafuu ya kifafa, na tangu Jumapili ile hakuna aliyenunua tena maandazi yake. Ndipo tukahamia huku.

Unatualika kwenye ibada ya shukrani ya Brenda mwezi ujao. Brenda amesema haji. Mimi nakupenda, Aliko, lakini Mbebe sirudi.

Kaka yako,
Jairo Mbonile