Baba Hataki Kunyolea Wembe Niliomtengenezea

Bibi Elisifa, shikamoo. Mimi ni Melkior wa Uru, naomba unisaidie kabla ya Jumapili ijayo, siku ya kipaimara cha binti yangu Stella, maana nyumbani kwangu hakuna raha.

Baba yangu mzazi ana wembe wa kukunja, ule wa zamani, aliachiwa na babu, na kwa wembe huo alinyoa wanaume wa kitongoji chetu wakijiandaa na misa, mpaka mpini wake wa pembe ukapasuka, chuma kikashika kutu, akauweka darini, basi mimi nikauchukua kimya kimya nimfanyie zawadi, nikausugua kwa msasa na maji taratibu mpaka ukang'aa, nikaunoa kwenye jiwe kisha kwenye mkanda wa ngozi, na mpini mpya nikauchonga kwa mti wa kahawa, vipande viwili nikavibana kwa ribiti za shaba, nikapaka mafuta, Bibi, ukiushika hutaki kuuachia.

Baba alipoupokea machozi yalimlengalenga, lakini hajaunyolea hata mara moja, na mimi nikajua kosa langu, kwamba kile kipande nilikikata kwenye mti wa kahawa aliopanda babu nyuma ya nyumba bila kumwomba, kwa hiyo nikachuma jani la sale, lile la kuombea msamaha, nikabeba na pombe ya mbege, nikaenda kumwomba radhi kama inavyotakiwa, akalipokea jani, akasema hana neno na mimi, mti wenyewe ulishazeeka, tukanywa, lakini ndevu zikabaki palepale, nikaunoa wembe upya, bado, nikataka kumpeleka kwa kinyozi mjini akanijibu, "Kidevu changu hakiendi kwa watoto wa mashine. Nitanyoa mwenyewe." Sasa anasema kanisani haendi na uso wa mwizi wa ndizi, na Stella naye anasema bila babu yake haendi. Wembe anatembea nao mfukoni, anaupapasa mpini, anaurudisha. Hata chai siku hizi hanywi nasi, anataka nusu kikombe na anakwenda kuinywa peke yake migombani. Mke wangu Lukresia anasema nimwache, ila mimi naona bado ana kinyongo. Nichonge mpini mwingine, au nimwite padre?

*

Melkior mwanangu, marahaba. Padre mwache apumzike, na huo mpini usiuguse.

Mimi shule sikuiona, barua yako nimesomewa, na tulipofika kwenye nusu kikombe nikasema hapo hapo, inatosha. Wewe umeona kutu ndogo kama mbegu ya mchicha, mikono ya baba yako hukuiona? Inatetemeka. Mume wangu kutetemeka kulipomwanza alisema ghafla hapendi mtori, supu yetu ya ndizi, mtu aliyekula mtori tangu ana meno ya utoto. Alikuwa amechoka kuumwaga mbele ya wajukuu.

Baba yako hana kinyongo. Jani la sale umempelekea mtu asiyekudai kitu, akalipokea kwa kuwa anakupenda. Mtu mwenye hasira hatembei na zawadi yako mfukoni. Anauogopa wembe, na anaogopa zaidi wewe ujue, yeye aliyeshika koo za wanaume wazima na hakuna aliyepepesa jicho.

Sasa nisikilize. Usimwambie umejua. Usimwonee huruma mbele ya watu, nitakuja Uru nikuchape. Mwazime huo wembe, anza na ndevu zako mwenyewe, ukijikata Lukresia acheke, ni haki yake. Halafu nenda kwa baba asubuhi na hilo shavu lenye damu, umwambie, "Baba, nimeweza kuutengeneza, kuutumia sijui. Nifundishe." Atakutukana kidogo. Vizuri, mwache atukane.

Chemsha maji, mkalishe mlangoni penye mwanga, taulo ya moto usoni, povu la kutosha. Mwambie akufundishe kwenye uso wake mwenyewe, yaani wewe unyoe, yeye aelekeze. Vuta ngozi, laza wembe, usikimbie. Akikushika kifundo cha mkono akurekebishe, nyamaza, huo ndio mkono ulioukosa muda wote huu.

Mkimaliza mpe kioo ashike mwenyewe. Kikicheza, usimsaidie kukishika. Mwambie shavu la kushoto limebaki kidogo, aweke kioo chini, umalizie.